Kabla ya kipimo, walichomwa watu

Mwaka 1934, Tinde mkoani Shinyanga, katika maabara ya serikali ya mkoloni, daktari J. F. Corson alianza jaribio lililodumu zaidi ya alivyoweza kutarajia. Kimelea kilichotolewa kwa mgonjwa wa malale kilipitishwa na mbung'o hadi kwa kondoo, kutoka kwa kondoo hadi kwa swala, kisha kwa kondoo tena, mwaka baada ya mwaka. Alitaka kujua kama kimelea kilichoishi ndani ya wanyama muda wote huo, bila kuonja damu ya mwanadamu, bado kingeweza kumuua.

Jibu lilitafutwa kwa njia moja tu. Kila baada ya muda, mbung'o wenye vimelea waliachwa wamuume mtu, na watafiti wakasubiri. Akipandwa na homa na vimelea vikaonekana katika damu yake, jibu limepatikana, ndipo alipotibiwa. Fairbairn na Willett walipotoa ripoti yao mwaka 1955 walikuwa wanazungumzia miaka 18 ya kazi hiyo. Kimelea hakikuwa kimepoteza makali yake. Ripoti za wakati ule huwaita walioumwa watu wa kujitolea. Mimi naitilia shaka hiari hiyo, kwa kuwa aliyeomba mkono utolewe alikuwa daktari wa serikali iliyowatawala.

Kilichowafikisha huko ni kwamba darubini haikuwa na msaada. David Bruce alikitambua kimelea cha nagana mwaka 1895 huko Zululand, Afrika Kusini, katika damu ya mifugo iliyokuwa ikikonda na kufa. Miaka michache baadaye malale ikazuka kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 250,000. Mwaka 1910, Stephens na Fantham wa Liverpool wakaeleza aina nyingine ya kimelea cha malale, waliyoipata kwa mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, Zambia ya leo. Wakaiita rhodesiense. Ukiiweka kwenye kioo pamoja na brucei wa Bruce, anayeua ng'ombe na kumwacha mchungaji mzima, huoni tofauti: vyote ni vijinyuzi vyenye mkia, vinavyojinyonganyonga kati ya chembe nyekundu za damu.

Mkulima aliyeishi jirani na pori alihitaji kujua. Je, pongo anayekunywa maji kisimani usiku amebeba kifo cha watoto wake, au nagana tu? Max Taute, daktari wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alijichoma mwenyewe damu ya wanyama wenye vimelea na hakuugua. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yeye na mwenzake Huber walirudia jambo hilo kwa Waafrika zaidi ya 100. Hawakuugua, naye akahitimisha kwamba kimelea cha wanyama na cha watu ni vitu viwili tofauti. Hitimisho hilo halikumaliza ubishi. Mwaka 1958, huko Nyanza nchini Kenya, Heisch na wenzake walichukua kimelea kutoka kwa pongo wakamchoma mtu, naye akapata malale. Mwaka 1966, Onyango na wenzake wakafanya vivyo hivyo kwa kimelea kilichotoka kwa ng'ombe wa Alego. Matokeo yakawa yale yale: ng'ombe wa boma anaweza kuwa ghala la ugonjwa unaoua mwenye boma.

Ufunguo wa kumwondoa binadamu katika kazi hii ulikuwepo tangu 1902, kama wangeufuata mapema. Mwaka huo Alphonse Laveran wa Paris aliwapa seramu ya binadamu panya waliokuwa na vimelea vya nagana, na vimelea vikatoweka. Damu yetu ina kitu kinachoua brucei, na rhodesiense amepata njia ya kukikwepa. Hatimaye mwaka 1970 Rickman na Robson walikigeuza kipaji hicho kuwa kipimo. Vimelea vya mnyama vilichanganywa na damu ya binadamu, mchanganyiko ukawekwa kwenye joto la mwili kwa saa tano, kisha wakachomwa panya. Panya akiugua, kimelea kimehimili damu yetu. Kipimo hicho hakikuwa kamili, kwani uhimili huo unaweza kujificha na kurudi, lakini aliyebeba hatari sasa alikuwa panya.

Jeni yenyewe ilishikwa Brussels mwaka 1998. Kundi la Etienne Pays lilichukua jeni iitwayo SRA kutoka kwa rhodesiense, likaipandikiza ndani ya brucei wa kawaida, na kimelea kilichokuwa kikifa ndani ya seramu ya binadamu kikaanza kuishi. Jeni moja tu! Mwaka 2003 kundi hilo hilo likakitambua kile kilichokuwa kikiua: protini ya APOL1, inayotoboa kuta za lisosomu, kifuko ambamo kimelea husagia chakula chake. Protini ya SRA huishika APOL1 humo ndani kabla haijafanya kazi.

Faida ilionekana upesi nchini Uganda. Malale ilizuka Soroti mwishoni mwa 1998, mahali ambapo haikuwa imewahi kujulikana. Wateso, waliokuwa wamepoteza mifugo yao kwa vita na wizi, walikuwa wanarudisha mazizi yao, na utafiti wa Fèvre na wenzake ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa mnada wa Brookes Corner walitoka wilaya zenye malale. Kadiri mtu alivyoishi karibu na mnada huo, ndivyo alivyokuwa hatarini zaidi. Mwaka 2001 Susan Welburn na wenzake walitafuta jeni ya SRA katika vimelea vya ng'ombe wa Uganda wakaipata. Tone la damu ya ng'ombe lilitosha kujibu swali ambalo Tinde lilihitaji mkono wa mtu.

Hapo watafiti wakapanua swali: mbali na SRA, kimelea kina jeni gani nyingine zinazoamua kama kitaishi au kitakufa ndani ya mwenyeji? Kimelea kilichosomwa vinasaba vyake vyote mwaka 2005 kilitoka kwa mbung'o aliyenaswa Kiboko, Kenya, mwaka 1970, na kilikutwa na jeni zipatazo 9,000. Elisabetta Ullu na Christian Tschudi wa Yale walikuwa wamegundua mwaka 1998 kwamba jeni ya kimelea hiki inaweza kunyamazishwa bila kuikata. David Horn na Sam Alsford wa London wakaitumia njia hiyo kwa jumla. Walitengeneza mamilioni ya vimelea, kila kimoja kikinyamazishwa jeni yake, wakavichanganya na kuvitia sumu. Vinavyobaki hai husomwa vinasaba: jeni iliyonyamazishwa katika vilivyonusurika ndiyo mlango ambao sumu ilipitia, kama fundi umeme anayezima swichi moja moja mpaka ajue ni ipi inayowasha taa. Mwaka 2012 walionyesha njia zinazotumiwa na dawa za zamani kama suramini na pentamidini. Mwaka 2014 Alsford na wenzake wakatumia seramu ya binadamu badala ya dawa, na miongoni mwa jeni zilizojitokeza ilikuwa ile ya kipokezi kinachoinyonya hemoglobini na, bila kujua, kuingiza APOL1.

Umuhimu wa APOL1 kama kinga ulithibitika India. Mkulima mmoja aliugua kwa kimelea cha jamii hiyo hiyo, cha ngamia na farasi, kisichopaswa kumgusa binadamu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba jeni zake zote mbili za APOL1 zilikuwa na kasoro. Upande wa pili, mwaka 2010 aina za APOL1 zinazokwepa kushikwa na SRA zilihusishwa na ugonjwa wa figo kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika.

Nyani wana APOL1 ya aina yao, na Jayne Raper wa New York na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba inaua hata rhodesiense. Baadaye, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi, alizaliwa Tumaini, fahali wa Boran aliyetokana na seli ya maabara. Lengo ni kumpa ng'ombe jeni hiyo ya nyani, lakini Tumaini hana. Alizaliwa kuthibitisha kwamba ng'ombe wa Boran anaweza kupatikana kwa njia hiyo. Inabaki kuipandikiza jeni yenyewe, kisha kuona kama ndama atahimili brucei, congolense na vivax, aina tatu za vimelea zinazomfilisi mfugaji.