Lurdes Mutola na Mizunguko Miwili ya Uwanja

Katika kitongoji cha Chamanculo, pembezoni mwa mji ambao siku zile Wareno waliuita Lourenço Marques na ambao leo ni Maputo, mahali ambapo nyumba za matete na mabati zilibanana na ambapo riziki ilitafutwa siku kwa siku, alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1972 mtoto wa kike aliyepewa jina la Maria de Lurdes Mutola. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli, mama yake mchuuzi wa sokoni. Bendera ya Ureno ilikuwa bado ikipepea juu ya mji ule, ingawa huko kaskazini wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, walikuwa wamekwisha kuuvuka mto Ruvuma zamani na kuitia dola ya kikoloni katika dhiki isiyokuwa na shufaa. Uhuru ulipopatikana mwezi Juni 1975, binti huyu alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Na kabla hajapata akili ya kuujua uhuru ule, nchi yake iliangukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1977 na kudumu hadi mwaka 1992. Kwa hiyo utoto wake na ujana wake wote ulipita katika taifa lenye njaa, lenye wakimbizi na lenye barabara zisizopitika, ambamo aliyezungumza habari za viwanja vya riadha na wakufunzi wa michezo angeonekana kuwa anaota mchana.

Mchezo alioupenda kwanza haukuwa mbio bali mpira wa miguu, na kwa kuwa hapakuwa na timu ya wasichana, alicheza pamoja na wavulana, tena akicheza kwa namna iliyowafanya baadhi ya wapinzani kulalamika kwamba si haki kushindwa na timu yenye msichana ndani yake. Habari zake zikamfikia José Craveirinha. Huyu alikuwa mshairi mkubwa kuliko wote wa Msumbiji, mtu aliyepata kufungwa gerezani na polisi wa siri wa Ureno kwa ajili ya itikadi yake, na ambaye mwaka 1991 alitunukiwa Tuzo ya Camões, tuzo adhimu kupita zote katika fasihi ya Kireno. Ni jambo la fahari kwa sanaa ya ushairi kwamba jicho lililoiona nguvu iliyofichika katika miguu ya mtoto wa mchuuzi halikuwa jicho la ofisa wa michezo, bali la mtunga mashairi. Craveirinha alimshawishi binti aache mpira ajaribu riadha, akamkabidhi kwa mwanawe, Stélio Craveirinha, aliyekuwa mkufunzi. Binti alikuwa mwenye umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, na inasemekana mazoezi yale ya kwanza, yaliyomwacha na maumivu ya mwili mzima, hayakumpendeza hata kidogo.

Hapana budi kusema neno mintarafu ya mbio zenyewe, maana asiyezijua hawezi kupima ukubwa wa mambo yatakayofuata. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Ni mbio ndefu mno kwa mtu kuzitimua zote kwa kasi yake ya mwisho, na fupi mno kwa mtu kujiwekea akiba. Kona ya kwanza kila mkimbiaji huikimbia katika njia yake, kisha wote huruhusiwa kuingia ndani, na hapo huanza kusukumana kwa viwiko, kukanyagana visigino na kubanana ukingoni, ilhali pumzi inapungua na miguu inaanza kuwa mizito. Wanawake walizikimbia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1928. Magazeti ya wakati ule yakashupalia habari za waliochoka na kulala chini baada ya utepe, na wakuu wa michezo wakaamua kwamba umbali huo hauifai siha ya mwanamke. Marufuku ile ilidumu hadi Roma mwaka 1960. Miaka thelathini na miwili ilipotea kwa dhana tupu, na sioni udhuru wowote wa kuitetea.

Septemba 1988, muda mfupi baada ya kuanza kukimbia, Mutola alipelekwa Seoul kuiwakilisha Msumbiji katika Olimpiki. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakuvuka mchujo wa kwanza. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na mwaka 1991 alipata ufadhili wa mfuko wa mshikamano wa Olimpiki wa kwenda kusoma na kufanya mazoezi Marekani, katika shule ya sekondari ya Springfield, jimboni Oregon, mahali palipochaguliwa kwa sababu alikuwapo mtu wa kuzungumza naye Kireno. Msichana wa nchi ya joto, asiyejua Kiingereza, akajikuta katika nchi ya mvua na baridi, mbali na mama, mbali na lugha yake, na kwa miezi mingi upweke ulikuwa mwenziwe. Huko ndiko alikokutana na Margo Jennings, mwalimu wa shule ile, mwanamke aliyeifahamu tabia yake kwa undani na ambaye alibaki kuwa mkufunzi wake kwa miaka mingi, hata pale walipokuwa wakitenganishwa na bahari. Mwaka huo huo, katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo, Mutola alikuwa wa nne kwa muda wa dakika 1 na sekunde 57.63, ambao ulikuwa rekodi ya dunia kwa vijana.

Barcelona mwaka 1992 alipata nafasi ya tano, na baada ya hapo zikaja siku za ushindi usiokatika. Stuttgart mwaka 1993 aliutwaa ubingwa wa dunia kwa dakika 1:55.43, akimwacha aliyemfuata kwa zaidi ya sekunde moja na nusu, tofauti ambayo katika mbio hizi ni kubwa kama bonde. Mwaka 1994, mjini Zurich, alikimbia 1:55.19, muda ulio bora kuliko wote aliopata kuuandika maishani. Kila alipotokea, wenzake walikimbilia nafasi ya pili. Watu wakambandika jina la Treni ya Maputo. Kisha, Agosti 1995 huko Gothenburg, bingwa huyu ambaye hakuna aliyedhani atashindwa aliondolewa katika nusu fainali, si kwa kupitwa bali kwa kutoka katika njia yake kabla ya wakati. Kosa la hatua moja likampokonya ubingwa. Mwezi ule ule alikwenda Brussels, akakimbia mita 1,000 kwa dakika 2:29.34 na kuivunja rekodi ya dunia. Kwangu mimi hiyo ndiyo saa iliyodhihirisha hulka yake: hakubishana na waamuzi magazetini, alitafuta uwanja mwingine akakimbia.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya mitihani. Atlanta mwaka 1996 ilitazamiwa kuwa karamu yake, lakini alikwenda akiwa na mafua, na dhahabu ikachukuliwa na Svetlana Masterkova wa Urusi, fedha na Ana Quirot wa Kuba, mwanamke aliyenusurika kufa kwa moto miaka mitatu kabla yake. Mutola akapata shaba, nishani ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Msumbiji. Athens mwaka 1997 alikimbia Mashindano ya Dunia akiwa katika msiba wa baba yake, akapata shaba tena. Seville mwaka 1999 alimaliza nyuma ya Ludmila Formanová wa Jamhuri ya Cheki kwa sehemu nne tu za mia za sekunde. Waliokuwa wakimpenda wakaanza kunong'onezana kwamba nyota yake imepita juu ya utosi na inaelekea kuzama.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 2000, katika uwanja wa Sydney uliojaa watu zaidi ya 112,000, ndio uliopata kutajwa na wengi kuwa usiku mkubwa kabisa wa riadha. Cathy Freeman wa Australia alishinda mita 400 mbele ya watu wa kwao. Haile Gebrselassie wa Ethiopia na Paul Tergat wa Kenya waligombea mita 10,000 hadi hatua ya mwisho. Katikati ya makelele hayo wanawake wanane walipanga mstari kwa ajili ya mita 800. Mutola, mwenye mabega mapana, hakuwa na haraka. Mwingereza Kelly Holmes aliingia sehemu ya mwisho iliyonyooka akiwa mbele, na kwa nukta chache ilionekana kana kwamba atafika. Ndipo Mutola, kwa hatua zilizorefuka badala ya kufupika, akamsogelea, akawa naye bega kwa bega, akampita, huku Stephanie Graf wa Austria naye akija nyuma yake kwa kasi. Saa ilisimama katika 1:56.15. Graf alichelewa kwa chini ya nusu sekunde, na Holmes akawa wa tatu. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu Seoul, na wimbo wa taifa la Msumbiji ukapigwa kwa mara ya kwanza katika sherehe za Olimpiki. Maputo ikasimama, barabara ya mji ikapewa jina lake, na mwaka uliofuata ikaasisiwa taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kuwasaidia vijana.

Mwenye tamaa ndogo angetosheka. Yeye alishinda ubingwa wa dunia Edmonton mwaka 2001, akimtangulia Graf kwa sehemu tatu za mia, na akaushinda tena Paris mwaka 2003. Mwaka huo huo alishinda mikutano yote sita ya ligi ya dhahabu, Oslo, Paris, Roma, Berlin, Zurich na Brussels, akachukua peke yake zawadi ya dola 1,000,000, jambo ambalo hakuna mwanariadha aliyepata kulifanya kabla yake.

Mwaka 2004, Athens, akiwa ametoka katika jeraha la msuli wa paja, aliingia fainali ya Olimpiki pamoja na Kelly Holmes, ambaye katika miaka ile walikuwa wakifanya mazoezi pamoja chini ya Jennings. Mutola alishika uongozi mwishoni, na mita chache kabla ya utepe alikuwa bado anapigania dhahabu. Holmes akampita, kisha Hasna Benhassi wa Moroko, kisha Jolanda Čeplak wa Slovenia. Kati ya wa kwanza na wa nne palikuwa na sehemu kumi na tatu za mia za sekunde. Aliondoka bila nishani yoyote, na sidhani kuna kushindwa kuchungu kuliko kule, kwa maana aliyeshinda alikuwa mtu aliyejua siri zote za mazoezi yake.

Olimpiki yake ya sita na ya mwisho ilikuwa Beijing mwaka 2008. Alikuwa wa tano. Mbele yake alikimbia binti wa Kikenya, Pamela Jelimo, mwenye umri wa miaka kumi na minane, aliyeshinda kwa 1:54.87 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Wa pili alikuwa Mkenya mwingine, Janeth Jepkosgei. Baada ya msimu ule Mutola akastaafu. Alirudi kwenye mpira wa miguu aliouanza utotoni, akaichezea timu ya taifa ya wanawake, na baadaye akawa mkufunzi wa mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini, akimpa yale aliyopewa yeye huko Springfield.

Amefanya mengi ambayo hayakupata nafasi katika makala haya, yakiwemo mataji saba ya dunia ya mita 800 ndani ya ukumbi kati ya mwaka 1993 na 2006. Wako waliokimbia kwa kasi kuliko yeye. Rekodi ya dunia ya Jarmila Kratochvílová, 1:53.28 ya mwaka 1983, hakuifikia. Lakini mtu wa kusimama kileleni mwa mbio hizi kwa muda mrefu kiasi hicho hajaonekana, na kwa hukumu yangu huo ndio ukubwa wake. Tangu ipate uhuru mwaka 1975, hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris mwaka 2024, Msumbiji imepata nishani mbili za Olimpiki, shaba ya Atlanta na dhahabu ya Sydney, na zote mbili ni za Lurdes Mutola.