UZI: Digrii ni ya chuo, leseni ni ya serikali. Tusichanganye.

1/ Msimu wa siasa ukifika hapa Voi, swali hili halikosi jukwaani. Mmoja anasema, "Vijana wetu wana digrii lakini bodi za Nairobi zinawaonea." Mwingine anajibu, "Hizo digrii za ng'ambo ya mpaka ni za kununua." Watu wanapiga makofi pande zote mbili, halafu tunarudi nyumbani hatujaelewa kitu. Leo tuliangalie kwa historia yake. Sitataja chama wala jina la mwanasiasa.

2/ Linanihusu hivi. Mpwa wangu alisomea uuguzi Tanzania. Ukiwa Taveta ukavuka Holili, Moshi iko karibu kuliko Mombasa, na karo ilikuwa inalipika. Alirudi na cheti halali kabisa. Akaambiwa cheti ni kizuri, lakini kwa kazi ya Kenya lazima kitambuliwe kwanza, kisha akae mtihani wa baraza. Dada yangu alilia, akidhani mwanawe ametapeliwa. Hakutapeliwa. Ila hakuna aliyewaeleza mapema.

3/ Hebu tutenganishe. Digrii au diploma ni chuo kinachosema umesoma na umefaulu. Leseni ni serikali, kupitia bodi ya taaluma, inayosema unaruhusiwa kumdunga mtu sindano, kuchora daraja au kusimama kortini. Hata aliyesoma KMTC hapa Voi hasajiliwi kuwa muuguzi bila mtihani wa Baraza la Wauguzi. Na si Afrika tu. Marekani ni nchi moja, lakini wakili wa New York hawezi kuingia tu mahakama ya California akaanza kazi. Kila jimbo lina leseni yake.

4/ Kwetu vita hivi ni vya zamani. Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza miaka ya 1920. Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika walisoma pale miaka mingi, lakini wakimaliza hawakuandikishwa sawa na daktari Mzungu. Waliajiriwa serikalini, chini ya usimamizi, kwa mshahara mdogo, bila ruhusa ya kufungua kliniki yao. Ilibidi ifike mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo baraza la madaktari la Uingereza likakubali masomo ya Makerere kwa usajili kamili. Elimu walikuwa nayo siku zote. Walichonyimwa ni karatasi ya pili.

Kwa hiyo anayesema bodi inaweza kutumiwa kufungia watu nje, historia inamuunga mkono.

5/ Sheria nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ukitaka uwakili wakati wa ukoloni, ulienda kusomea Uingereza. Ni mzazi gani wa Wundanyi angelipa nauli hiyo? Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na jaji Mwingereza, Denning, ilipendekeza mawakili wa Afrika wafundishwe huku huku. Mwaka huo huo chuo cha Dar es Salaam kikafunguliwa na kitivo cha sheria kwa nchi zote tatu. Kenya nayo ikaanzisha Kenya School of Law mwaka 1963. Angalia vizuri: darasa lilikuwa Dar, leseni ilikuwa Nairobi.

6/ Mwaka 1963 huo huo kikazaliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja chenye matawi matatu. Makerere ilifundisha udaktari, Nairobi uhandisi, Dar sheria. Kijana wa Mwatate akitaka udaktari, anapanda treni kwenda Kampala. Mtanzania akitaka uhandisi, anakuja Nairobi. Kila nchi ilikuwa na usajili wake, lakini suala la "hiki chuo tunakijua?" halikuwepo. Kilikuwa chao wote, na wote walijua ndani kunafundishwa nini.

7/ Haikudumu. Kila taifa changa lilitaka madaktari wake, mawakili wake, wahandisi wake, na huwezi kulilaumu. Nairobi ilianza udaktari 1967. Mwaka 1970 chuo kikavunjwa vikawa vitatu, na Nairobi ikafungua sheria mwaka huo huo. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikaanguka, mpaka wa Tanzania ukafungwa hadi 1983. Watu wa Taveta hawahitaji kuelezwa hilo, wana ndugu pande zote mbili. Katika miaka hiyo kila nchi ilijenga bodi zake na kanuni zake bila kumtazama jirani.

8/ Jumuiya ilirudi kwa mkataba wa 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake nchi ziliahidi kutambua vyeti vya masomo na vya taaluma. Yakafuata makubaliano ya taaluma moja moja: wahasibu na wasanifu majengo 2011, wahandisi 2012, madaktari wa mifugo 2016. Mwaka 2017 marais wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwa hiyo msemaji akisema "vyeti vyetu vinatambulika Afrika Mashariki nzima", hajadanganya. Ila hajamaliza sentensi.

9/ Sentensi inaishia hapa: makubaliano ya wahandisi yanamsaidia yule ambaye *tayari* amesajiliwa kwao. Chukua kijana aliyesomea uhandisi wa madini Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Vito vya kijani vya kwetu viko pia upande wa Tanzania, na Mererani kuna tanzanaiti. Mwamba haujui mpaka, lakini karatasi zinaujua. Kwanza asajiliwe Kenya kama mhitimu. Kisha afanye kazi angalau miaka 3 ndipo aombe kuwa mhandisi kamili. Halafu ndipo aombe usajili Tanzania. Na kibali cha kazi ni ofisi nyingine kabisa.

10/ Wakili ana mtego mwingine. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 inamwangalia mwenye digrii ya nje mpaka KCSE yake: wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Mtu anaweza kumaliza miaka minne ya sheria nje, kisha akakwama kwa karatasi ya kidato cha nne.

Na hata usipovuka mpaka unaweza kukwama. Bodi ya wahandisi iliwahi kukataa kusajili wahitimu wa vyuo vyetu vya umma kwa kuwa haikuwa imeidhinisha kozi zao. Zaidi ya 100 walienda kortini, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Chuo na bodi walivutana, aliyeumia ni mwanafunzi.

11/ Turudi jukwaani. Wasemaji wanachanganya vitu vitatu:
– cheti feki, hiyo ni jinai;
– cheti cha kweli cha chuo kisichotambuliwa;
– cheti cha kweli, chuo kinatambuliwa, ila mwenyewe hana leseni ya hapa.
Mpwa wangu alikuwa kundi la tatu. Kumwita feki ni kumtukana bure. Na kusema apewe kazi bila mtihani ni kumsahau mgonjwa.

12/ Mimi nasimama wapi? Leseni iwepo. Lakini somo la 1963 ni kwamba nchi hutambuana zikiaminiana, na huaminiana zikijua chuo cha jirani kinafundisha nini. Mabaraza ya madaktari ya Jumuiya yamekuwa yakikagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Hiyo ndiyo njia. Kutia saini tu hakutoshi.

13/ Kwa hiyo mgombea akija na hotuba ya digrii, muulize hivi: Ni taaluma gani unazungumzia, na ina makubaliano au haina? Bodi ina siku ngapi za kumjibu mwombaji? Ada ni kiasi gani? Nani atawaeleza wazazi wa Taveta kabla hawajalipa karo, si baada? Akijibu hayo manne, msikilize.

14/ Mpwa wangu alikaa mtihani, akapita, leo anashika zamu. Lakini ulimgharimu karibu miaka miwili nyumbani, na mbuzi wa dada yangu waliisha kwa nauli za Nairobi na ada. Ukiwa na mtoto anayetaka kusoma ng'ambo, kabla hujauza chochote, uliza bodi ya taaluma hiyo hapa Kenya. Uliza chuo, uliza kozi, uliza na alama za KCSE. Jibu ukilipata, liombe kwa maandishi.

Mwisho wa uzi. Mwenye swali aulize hapa chini, tujibizane kwa heshima.