Ukishakata utumbo Dar na kurudi Newala: mambo ya kuzingatia nyumbani



Tangu nianze kupungua, kila nikipita sokoni Newala au nikishuka Masasi lazima mtu anivute pembeni. Swali ni lile lile: "Hivi ni kweli umekata utumbo? Sasa unakula nini?" Juzi dada mmoja wa Masasi, ambaye anajiandaa kwenda Dar kufanyiwa, ameniomba nimwandikie kila kitu. Nimeona niyaweke hapa ili wengine nao wasome. Mimi si daktari. Ni mgonjwa aliyefanyiwa, akafanya kosa nyumbani, akaponea chupuchupu. Maagizo ya daktari wako ndiyo ya kwanza, haya yangu yafuate.

KINACHOKATWA NI NINI

Mtaani tunasema "kukata utumbo", lakini upasuaji niliofanyiwa mimi haugusi utumbo. Unakatwa mfuko wa chakula, wanaondoa robo tatu mpaka asilimia 80, kinabaki kitu chembamba mfano wa ndizi. Ipo aina ya pili ambayo wanatengeneza kifuko kidogo sana na kukiunganisha na utumbo kwa chini. Hiyo inapunguza chakula na pia inapunguza vitamini ambazo mwili unafyonza.

Puto ni jambo lingine. Linawekwa tumboni bila kisu, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Hapa nchini huduma hiyo ilianza Muhimbili Mloganzila mwaka 2022, na baadaye pale pale wakaanza na upasuaji wenyewe.

Watu wengi wanawaza gharama na kisu. Kwa kweli mimi kisu nilikipita nikiwa usingizini. Kazi ilinikuta nyumbani, na nyumba za huku kwetu zina mambo matatu ambayo karatasi ya hospitali haikuyataja: maji, umbali, na ndugu wenye huruma ya sahani.

SAFARI YA KURUDI

Usitoke wodini ukapanda basi la kusini siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa Dar kwa shangazi wiki mbili, nikarudi kliniki wakaniangalia vidonda, ndipo nikasafiri. Kutoka Dar mpaka Masasi ni zaidi ya kilomita 500 za kukaa kitako, na mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji damu yake huganda kirahisi kwenye miguu. Donge likipanda kwenye mapafu linaua. Kwa hiyo chukua kiti cha pembeni mwa njia, chezesha vifundo vya miguu, na kila basi likisimama shuka utembee. Kama umepewa sindano za kuzuia damu kuganda, zimalize zote hata kama unajisikia mzima.

Cheti cha kuruhusiwa kipige picha, kiwe kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu unayekaa naye. Mbele nitasema kwa nini.

Na mimi sikupanda Newala moja kwa moja. Nilikaa kwanza Masasi kwa dada yangu mpaka wiki ya tano. Mwenye ndugu Masasi mjini afikirie hilo, maana Mkomaindo iko pale pale na Ndanda iko kwenye barabara ya lami kuelekea Lindi.

MAJI

Historia ya maji Newala mnaijua. Mji uko juu, maji yako chini mabondeni. Mradi wa Maji Makonde ulianza miaka ya 1950, enzi za mkoloni, na mpaka leo maji yanasukumwa kupanda kutoka visima vya Mitema, Kitangari. Bomba likikatika tunarudi kwenye ndoo.

Sasa sikiliza. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mimi niliambiwa nisinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6. Ukibeba ndoo kichwani wiki ya tatu unaweza kupata ngiri kwenye kidonda, na utarudi tena kwenye kisu. Hesabu hiyo hiyo inahusu kutwanga, kubeba mtoto mgongoni, na kuinama kuokota korosho siku nzima. Ukipanga upasuaji mwezi wa tisa, ujue msimu wa korosho utakukuta hufai shambani. Tafuta mtu wa kazi kabla hujaondoka, na mpe hela ya maji mapema.

Maji ya kunywa nayo ni kazi. Lengo ni lita moja na nusu kwa siku, yaani chupa ndogo tatu za nusu lita, lakini huwezi kugida. Mimi nilitumia kikombe cha kahawa: vijiko viwili vya chakula kila robo saa, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, bado hujanywa vya kutosha. Soda acha kabisa.

CHAKULA KWA WIKI

Wiki ya 1 na 2: vimiminika tu. Maji, supu ya kuku au samaki iliyochujwa, maziwa, mtindi mwepesi, uji wa mtama mwembamba usio na sukari.

Wiki ya 3 na 4: vitu laini vilivyosagwa. Mbaazi au choroko zilizochemshwa mpaka zikavurugika, yai bichibichi hapana, la kuvuruga ndiyo, samaki aliyepondwa bila miba, dagaa waliosagwa unga na kutiwa kwenye supu.

Wiki ya 5 mpaka ya 7: vyakula laini vya kutafuna. Samaki, maharage, boga, ndizi ya kuiva.

Wiki ya 8 kuendelea: chakula cha kawaida, kidogo kidogo. Ugali wa muhogo ni wa mwisho kabisa, maana unanata na kuvimba. Ming'oko ina nyuzi, subiri. Nyama ngumu vilevile.

Kanuni zangu ni nne. Anza na protini, maana unahitaji gramu 60 hivi kwa siku na yai moja lina kama 6 tu. Tafuna mpaka kiwe uji. Usinywe maji na chakula, subiri nusu saa. Ukisikia kifua kimebana, acha hapo hapo hata kama umebakiza kijiko kimoja.

Korosho nazo zina protini nzuri, lakini gramu 100 zina karibu kalori 550. Huku kwetu tunadokoa huku tunapiga soga, na ndivyo uzito unavyorudi. Uraka ogopa zaidi. Pombe kwa mtu aliyekatwa mfuko inapanda kichwani haraka mno, na wapo waliopona unene wakaingia ulevi.

KOSA LANGU

Wiki ya tatu mjomba alikuja Masasi kunisalimia. Wenzangu mnajua uzito wa mjomba kwetu sisi. Kaja na kuku, kaona mpwa wake anakunywa supu kwenye kikombe cha kahawa, machozi yakamtoka. "Mpwa wangu, wanakuua na njaa." Nikaona haya. Nikala matonge mawili ya ugali wa muhogo, ili tu afurahi.

Nilitapika usiku ule, kesho yake, na siku mbili zilizofuata. Maji yenyewe hayakukaa. Siku ya nne miguu ikaanza kufa ganzi, nikasimama nikayumba kama mlevi, macho yanaona vitu viwili viwili. Nyumbani mmoja akasema ni upepo, mwingine akasema nimechezewa. Dada yangu hakubishana na mtu, alitafuta bajaji.

Hospitalini aliyenipokea alitaka kunitundikia dripu ya glukosi, kwa nia njema kabisa. Dada akatoa simu, akaonyesha picha ya cheti. Daktari akasoma, akaagiza kwanza sindano ya vitamini B1. Baadaye akatueleza: B1 haikai mwilini muda mrefu, akiba yake inakwisha ndani ya wiki mbili tatu za kutokula au kutapika. Glukosi ikiingia bila B1, kidogo kilichobaki kinatumika chote na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Niliona sawa baada ya siku chache, miguu ilichukua miezi miwili.

Basi andika hili pahali: ukitapika siku mbili mfululizo usikae nyumbani, na popote utakapofika sema "nimekatwa mfuko wa chakula, naomba B1 kabla ya glukosi".

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Hizi usisubiri asubuhi:

- Mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umetulia. Hesabu kwa saa ya simu. Inaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba mshono wa ndani unavuja, hata kabla ya homa.
- Homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Usimeze dawa ya malaria ukalala, nenda ukapimwe.
- Maumivu ya tumbo yanayozidi, au bega la kushoto kuuma pamoja na homa au moyo kwenda mbio.
- Kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Choo cheusi kama lami, au kutapika damu.
- Maji kushindwa kukaa tumboni siku nzima.

Ukiwa Newala anzia hospitali ya wilaya, lakini uliza mapema nani ana gari na anapatikana saa nane usiku. Namba yake ibandike ukutani. Kesi ikizidi, njia ni kwenda Ndanda au hospitali ya kanda kule Mtwara, na simu kwa daktari aliyekupasua.

DAWA

Maumivu yakija tumia parasetamoli. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinachubua mfuko uliobaki, na dukani utapewa bila kuulizwa, kwa hiyo wewe ndiye wa kukataa. Kama aspirini unatumia kwa ajili ya moyo, muulize daktari wako kwanza.

Wenye kisukari na presha, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno ndani ya siku chache tu. Sukari ikashuka, ukazimia. Pima mara kwa mara na daktari apunguze dozi, usijipunguzie mwenyewe.

Vitamini ni za maisha yote: B12, madini ya chuma, kalisi, vitamini D na mchanganyiko wa kila siku. Chuma na kalisi usimeze pamoja, zipishane saa mbili. Nywele zitapukutika mwezi wa tatu mpaka wa sita, usiogope, kwa wengi zinarudi.

Kina mama, mimba isubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Ukipungua uzazi unafunguka ghafla, hata kwa waliohangaika miaka. Vidonge vinaweza visifyonzwe vizuri, ulizia kipandikizi au kitanzi. Na funga ya Ramadhani ya mwaka wa kwanza zungumza na daktari pamoja na sheikh wako, maana maji ya kidogo kidogo hayawezi kulipwa usiku mmoja.

MANENO YA WATU

Huku kwetu mtu akipungua kilo 9 kwa mwezi, majirani wanajua wanachojua wao. Nilisikia nina ngoma, nilisikia nimerogwa. Nilinyamaza, ikawa mbaya zaidi. Baadaye nikawaita ndugu, nikamweka mjomba mbele, nikawaonyesha cheti na kikombe changu cha kahawa. Tangu siku hiyo mjomba ndiye anayewazuia wageni: "Huyu msimlazimishe, tumbo lake dogo."

Natamani ningefanya kikao kile kabla sijapanda basi la kwenda Dar. Dada wa Masasi, wewe bado una muda. Waite.

Mwenye swali aulize, ninachokijua nitajibu. Nawasilisha.