Kikalvini

Kikalvini ni neno la kueleza sifa ya jambo linalohusu mafundisho ya Jean Calvin (1509–1564), Mfaransa aliyehubiri Geneva, au makanisa yaliyotokana nayo. Hutumiwa pamoja na "-a" ya uhusiano: imani ya Kikalvini, makanisa ya Kikalvini. Mfuasi ni Mkalvini, mfumo wenyewe ni Ukalvini. Vitabu vya Calvin aliviandika mwenyewe. Lakini vitabu vya Kikalvini vyaweza kuwa vya mtu aliyezaliwa karne 3 baada yake.

Wengi wakilisikia neno hili hukumbuka fundisho moja tu, kwamba Mungu aliwateua watakaookolewa kabla ya kuumba ulimwengu. Mswahili hukimbilia kusema "majaliwa" au "kadari". Kidogo anakosea: majaliwa hugusa ndoa, mavuno na kifo, ilhali uteule wa Kikalvini ni wa wokovu. Ulaya, hasa baada ya maandishi ya Max Weber ya 1904–1905, Kikalvini humaanisha pia bidii ya kazi na kubana matumizi. Kwa Kiswahili maana hiyo haijaota mizizi. Anayeitaka aseme tu "mchapakazi" au, akikasirika, "bahili".

Mtu wa Likunja, kata ya wilaya ya Ruangwa kusini mwa Tanzania, hulikuta neno hili darasani zaidi kuliko kanisani. Ukristo wa upande wa Nachingwea na Ruangwa uliletwa hasa na misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), iliyofungua kituo Masasi mwaka 1876, na watawa Wakatoliki Wabenedikto wa Ndanda. Wote ni watu wa askofu na altare. Kanisa la Kikalvini la mtindo wa Uskoti halina askofu. Huongozwa na mabaraza ya wachungaji na wazee wa kanisa, kama ilivyo kwa Wapresbiteri wa Kenya.

Tofauti hiyo iliwahi kuwaka moto. Juni 1913, huko Kikuyu, Kenya, maaskofu wa Kianglikana Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda walikutana na wamisionari wa madhehebu mengine kutafuta shirikisho, kisha Peel akaadhimisha Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, akiwakaribisha na wasio Waanglikana. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, ambaye Masasi ilikuwa chini yake, aliwashtaki wote wawili kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Na bado Kanuni 39 za Kanisa la Weston mwenyewe, katika kanuni ya 17, zinazungumzia uteule kwa lugha ambayo Mkalvini yeyote angeitambua.