Mjomba, usiikate michungwa!

Ni kitambo sijaandika, pilikapilika za huku mnazijua.

Juzi nilipiga simu Muheza, nikaambiwa mjomba anataka kukata michungwa yake. Eti wanunuzi wanasema machungwa ya kijani hayana hadhi, watu wa mjini wanataka ya manjano kama yanayotoka nje. Mjomba, kabla hujashika shoka, nisikilize kidogo.

Huku ninakoishi, Bankstown, paliitwa hivyo kwa heshima ya Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na nahodha Cook. Mwaka 1769, wakiwa njiani kwenda Tahiti, fizi zilianza kumvimba. Dalili za kiseyeye hizo! Akanywa maji ya limau, na haikupita wiki fizi zikatulia. Mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza likaanza kuwagawia mabaharia maji ya limau, na kiseyeye kikapungua sana.

Kumbe walikuwa hawajui kilichowaponya. Miaka ya 1860 wakaacha malimau, wakahamia ndimu za makoloni yao ya Karibiani. Uchachu upo, wakadhani dawa nayo ipo. Msafara uliokwenda Ncha ya Kaskazini mwaka 1875 ulirudi mwaka uliofuata na wagonjwa wengi wa kiseyeye. Mwaka 1918, Harriette Chick na wenzake wa London walipima wakakuta maji mabichi ya ndimu yana kama robo tu ya nguvu ya limau, na yale yaliyowekwa muda mrefu karibu hayana kitu.

Basi ndugu zangu, ulimi haupimi vitamini. Macho nayo vilevile. Ubora wa tunda hutokana na aina ya mti, jua, joto na mbolea. Hata kwenye mti mmoja, chungwa la nje linalopigwa na jua huwa na vitamini C nyingi kuliko lililojificha kivulini. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, vitamini hiyo hupungua.

Na rangi je? Machungwa ninayonunua hapa kipindi cha baridi mengi hulimwa Riverina, ambako usiku ni baridi kweli. Baridi ndiyo inayoondoa ukijani wa ganda. Muheza hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo chungwa linaiva na koti lake la kijani.

Sisemi la kwetu linalizidi la huku. Sehemu zenye ubaridi huweza hata kulipa chungwa vitamini C zaidi. Ninachosema ni kwamba ganda siyo kipimo.

Mjomba, kama lazima ushike panga, pogoa matawi jua liingie ndani. Halafu mnunuzi akija, usibishane naye. Mmenyee moja, mkatie, ale.

Nisiwachoshe. Nisalimieni wote hapo nyumbani.