Duka Bila Mali Kauli

Anayenunua duka dogo hukabidhiwa ufunguo, rafu, mizani na bidhaa zilizosalia, akaamini amepata biashara nzima. Historia ya maduka ya Wahindi Afrika Mashariki inapinga imani hiyo. Tangu enzi za Allidina Visram, aliyefika pwani akiwa kijana mwaka 1863 na kueneza maduka yake kutoka Bagamoyo hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916, duka lilizaliwa kwa mali kauli, yaani bidhaa za mkopo. Kijana aliyetoka Gujarat alianza kwa kumtumikia ndugu au mtu wa jamii yake, akajifunza hesabu na tabia za wateja, kisha tajiri wake akampa bidhaa akafungue lake bara, alipe akishauza. Muuzaji wa jumla wa Mombasa alimkopesha mwenzake wa Kampala, huyo akamkopesha mwenye duka la kijijini, naye wa kijijini akamwandikia mkulima kwenye daftari hadi pamba ivunwe. Thamani kubwa ya duka ilikuwa katika mahusiano hayo, na hayo hayaandikwi kwenye hati ya mauzo.

Waafrika hawakukosa akili ya biashara. Walifungiwa nje ya mkopo. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1931 ilibana mikopo kwa wenyeji kwa madai ya kuwalinda, na matokeo yake ni kwamba mwenye ghala alimtaka Mwafrika fedha taslimu huku akimkopesha Mhindi. Kwa hiyo dai la Waafrika la kumiliki maduka, lililotolewa baada ya uhuru, lilikuwa halali kabisa. Kosa lilikuwa katika kuchagua kitu cha kuhamisha. Uganda ilihamisha rafu: Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa bure, mengi kwa wanajeshi na watu wa karibu na utawala. Waliogawiwa waliuza kilichokuwepo, lakini kwa muuzaji wa jumla hawakujulikana, na mara nyingi muuzaji huyo naye alikuwa ameshafukuzwa. Mali iliyokwisha haikurudi.

Mtu anaweza kusema Uganda iliangushwa na umwagaji damu na uhaba wa fedha za kigeni, si na suala la nani anamiliki duka. Sababu hizo zilikuwepo, tena nzito. Lakini Tanzania haikuwa na Amin, na mwaka 1976, Operesheni Maduka ilipofunga maduka binafsi vijijini ili maduka ya ujamaa yachukue nafasi, uhaba ulijitokeza haraka, hata serikali ikalazimika kurudi nyuma. Nia ilikuwa njema, na haikuwepo kampeni ya kumfukuza mtu nchini. Kilichokatika ni kile kile: uzoefu wa kujua nani apewe bidhaa, kiasi gani, na lini atalipa.

Kenya ilikwenda njia nyingine, nami naiona iliyo bora kati ya hizo tatu, ingawa haikuwa safi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi na kuuza bidhaa kadhaa za kawaida. Shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara, ICDC, likawakopesha raia fedha za kununua maduka, na shirika la taifa la biashara, KNTC, lililoanzishwa 1965, likawa mlango wao wa kupata bidhaa. Hoja kwamba hayo hayakuwa mauzo ya hiari ina uzito: anayenyimwa leseni hapangi bei, na wenye kujuana na wakubwa walinufaika zaidi. Hata hivyo, mnunuzi wa Kenya aliingia dukani akiwa na deni la kulipa na mahali pa kuchukua mali, mambo mawili ambayo mgawiwa wa Kampala hakuwa nayo. Alilazimika kujifunza biashara ili asifilisike.

Uganda baadaye ilijaribu kurekebisha. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu wamiliki wa zamani kudai mali zao, na katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni ilirudisha majengo mengi. Wengi wa waliorudishiwa waliyauza au kuyapangisha. Majengo yalikuwepo, lakini waliokuwa wakiwakopesha na waliokuwa wakikopa kwao walikuwa wametawanyika Leicester, Toronto na kwingineko.