Nyumba ya Mawe Chini ya Boma

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini je, kama hiyo asili yenyewe ina utumwa ndani yake? Swali hili nililipata nikiwa darasa la tatu, likizo ya Juni mwaka 1999, katika nyumba ya mjomba wangu kule Kasanga, na mpaka leo sijalimaliza. Naomba, ndugu msomaji, unisaidie kulibeba.

Sisi ni watu wa Kizwite, hapa Sumbawanga mjini. Anayeijua Sumbawanga ya mwezi Juni hahitaji kuelezwa. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watoto wanakwenda shule midomo imepasuka kwa baridi. Mwaka ule mama alikuwa anasumbuliwa na kifua, basi baba akasema likizo tutakwenda kuota jua ziwani kwa shemeji yake. Tulipanda roli lililobeba mahindi. Bibi mzaa mama, ambaye alikuwa akikaa nasi, alipewa nafasi mbele kwa dereva. Sisi wengine tukawa juu ya magunia. Matai tulikunywa chai na maandazi, halafu safari ya kuteremka ikaanza. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo mtu anayetoka kwetu anashuka karibu kilomita nzima kwenda chini. Masweta yalivuliwa moja moja mpaka tukabaki na mashati.

Nyumba ya mjomba haikufanana na za majirani. Zao zilikuwa za matofali na nyasi, lakini hii ilikuwa ya mawe, kuta nene kiasi kwamba mimi niliweza kukaa dirishani na kunyoosha miguu. Jua la mchana lilikuwa haliingii humo hata kidogo. Mjomba alijivunia kweli. "Hii nyumba ni ya Mjerumani," alituambia, ingawa hakuna Mjerumani aliyewahi kulala humo hata siku moja. Maana yake ilikuwa kwamba mawe ndiyo ya Mjerumani. Babu yetu aliyaokota kwenye magofu ya boma lililo juu kilimani, miaka ile ya hamsini, akayateremsha na kujengea nyumba.

Mjomba alikuwa ametuandalia vyumba viwili. Cha mbele, kizuri zaidi, alimpa mama yake. Bibi alisimama mlangoni, akashukuru, akageuka na mkeka wake akaenda kulala jikoni, kwenye kibanda cha miti na udongo. Tulidhani ni moshi anaoutaka, wazee wanapenda moto. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu upepo wa ziwani ulivuma usiku kucha, nyasi za jiko zinainuka na kushuka, na mama akaenda kumbembeleza. Bibi akasema, "Mwanangu, nilale ndani ya mgongo wa baba yangu?"

Hapo inanibidi niliache jiko kidogo nikueleze habari za boma, maana bila hizo maneno ya bibi hayaeleweki.

Wajerumani walijenga ngome pale Kasanga mwishoni mwa karne ya 19, wakaiita Bismarckburg kwa heshima ya chansela wao Bismarck. Ikawa makao ya wilaya iliyokusanya Ufipa na nchi za jirani. Yaani mtu wa huku juu kwetu akiwa na shauri kubwa au deni la kodi, serikali yake ilikuwa kule chini ziwani. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya kibanda, na kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3. Rupia hizo mlungu wa ziwani angezitoa wapi? Alikuwa na samaki, mihogo na mikono yake. Serikali ikapokea mikono. Asiye na fedha alifanya kazi, na kazi zilikuwa barabara, mizigo na mawe.

Halafu ikaja vita ya mwaka 1914. Hadithi za vita ile katika ziwa letu Wazungu wameziandika sana, na ni tamu, siwezi kukataa. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London mwaka 1915, kwa meli, kwa reli, na kwa kuburutwa porini kupanda milima ya Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Juni 1916 kamanda wao, Spicer-Simson, akafika mbele ya Bismarckburg. Akaona mizinga juu ya kuta, akaogopa, akaondoka. Wajerumani wakatoroka usiku kwa vyombo vyao vya majini, na jeshi la Waingereza la nchi kavu likaingia bomani. Vitabu vinasimulia kwamba mizinga ile ilikuwa ya miti tu! Mjomba alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anapiga mapaja.

Mwezi uliofuata, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, kule Kigoma ili isitekwe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Mwaka 1924 iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa kusini walikuwa wakiliita ziwa hili. Likizo ile tuliiona. Ilipiga honi usiku, kijiji kizima kikaamka, mitumbwi ikaenda kuipokea na taa zake. Nilidhani ni mji unaoelea.

Basi bibi alituambia hivi, jikoni, siku ya nne, huku akigeuza migebuka kwenye makaa. Baba yake alikuwa kijana alipokamatwa kwa kodi ya baba yake mwenyewe, mzee asiyejiweza. Akapelekwa kubeba mawe kutoka ufukoni kupanda kilimani. Siku moja alikaa chini kupumzika bila ruhusa. Akalazwa, akapigwa hamsa ishirini, viboko 25. Alama zile bibi alizijua kwa mkono, kwa sababu alipokuwa mtoto ndiye aliyekuwa akimsugua baba yake mgongo. "Zilikuwa kama matuta," alisema.

Vita ilipokuja na Mjerumani akakimbia, yule yule mwenye matuta akachukuliwa na Mwingereza awe mpagazi. Alikwenda na mdogo wake. Alirudi peke yake.

Huo mdogo mtu mmoja ni sehemu ya makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita ile, wengi wao kwa njaa na maradhi. Dar es Salaam wana soko la Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuja kusalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, mahali ambapo si mbali na kwa mjomba. Jina lake linajulikana. La yule mdogo mtu halimo popote.

Sasa nilielewa ugomvi. Babu alipoyaleta mawe, bibi alimwambia asiyalete. Babu akajibu kwamba mawe hayo yalibebwa na wakwe zake bila malipo, kwa hiyo anachukua ujira wao. Na kusema kweli, ndugu msomaji, sijui hakimu gani angemshinda babu kwa hoja hiyo. Baadaye nilisoma kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye mpaka waziri ayatangaze. Wakati babu anateremsha mawe hata sheria hiyo haikuwepo. Lakini bibi hakuwa akizungumza sheria. Alikuwa na matuta kwenye viganja vyake.

Tulikaa wiki mbili. Kifua cha mama kilipoa. Bibi hakulala ndani hata usiku mmoja. Alifariki mwaka 2006.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu mwaka 2024 ukoo ulikutana. Bandari ya Kasanga imepanuliwa, viwanja vimepanda bei, na binamu zangu wanataka kuibomoa nyumba ya mawe wajenge ya kulala wageni wanaokuja kuangalia maporomoko ya Kalambo. Wengine walisema ni haramu, ni nyumba ya kihistoria. Nikaulizwa mimi, eti kwa kuwa ninaandika.

Nikawaambia kwanza kwamba uzee peke yake hautoshi. Kama ni uzee, basi hapo hapo Kalambo, ng'ambo ya Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yenye umri wa miaka 476,000. Hiyo ni kazi ya mikono ya kale kuliko binadamu wa aina yetu. Huku juu Ufipa tulikuwa na malungu, tanuri za kuyeyushia chuma zilizopita kimo cha mtu, zilizovuta upepo zenyewe bila mivuo. Mbele ya hayo boma la Mjerumani ni mtoto wa juzi. Tusililinde kwa kuwa ni la Mzungu tu.

Halafu nikawaeleza habari za Uingereza. Wenzetu wale hupenda kwenda likizo na watoto katika nyumba za kale za mashambani. Wana chama kinaitwa Landmark Trust, kilianzishwa mwaka 1965, ambacho hukarabati nyumba zilizotaka kuanguka, kisha huzikodisha kwa siku chache chache, na kodi hiyo inasaidia kuzitunza. Ndani huwekwa historia ya nyumba, na daftari ambalo wageni huandika waliyoyaona. Familia inakunywa chai mahali alipokunywa mkulima wa miaka 400 iliyopita, na wanamjua ni nani.

Sisi tulikuwa na likizo kama hiyo mwaka 1999. Tulichokosa ni daftari. Daftari letu lilikuwa limelala jikoni kwenye mkeka, na tukamwita mkaidi.

Basi nilichopendekeza ni hiki. Chumba cha mbele kibaki, ukuta wake na dirisha lake. Vingine wavunje wajenge, vijana wanahitaji riziki na mama zao hawali historia. Na katika chumba hicho liwekwe daftari. Binamu mmoja akauliza, "Sasa mgeni amelipia kupumzika, wewe unampa habari za viboko?" Nikamjibu kwamba bibi naye alikuja kupumzika.

Hawajaamua. Lakini daftari nimekwisha linunua, la kurasa 200, jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la baba wa bibi na la mdogo wake, pamoja na idadi ya viboko. Hapa siyataji, ni ya ukoo. Kurasa zilizobaki ni nyeupe. Vijana wenzangu, kwenu nako hakukosi bibi anayekataa kulala chumba fulani. Msimbembeleze tu aingie. Mkae naye huko jikoni, mumuulize.